Samaki Aliyeachiwa Naye Ahesabiwe

Kwa wavuvi wa mshipi wa mito ya Montana, magharibi mwa Marekani, kumrudisha samaki majini ni zaidi ya desturi. Ni kipimo cha ustaarabu. Anayemvua trauti kwa nzi bandia, akamchomoa ndoano na kumwacha aende zake, huhesabiwa muungwana. Anayemtia kapuni ampeleke jikoni hutazamwa kama masalia ya enzi za babu zake. Sheria nayo imefuata mkondo huohuo. Kanuni za uvuvi hueleza kwa kirefu ni samaki wangapi mtu anaruhusiwa kubaki nao kwa siku na wawe na urefu gani, lakini kuhusu idadi ya wale anaowanasa na kuwaachia hazisemi neno. Awe amenasa watatu au hamsini, maadamu jioni anarudi mikono mitupu, hesabu yake ni sifuri. Mimi nasema sifuri hiyo ni ya uongo. Na katika wiki za mwisho za majira ya joto, kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba inapoingia, ni uongo unaoweza kuua samaki wengi kuliko kapu la mla kitoweo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana faida moja katika malumbano haya: hajakulia ndani ya imani yenyewe. Trauti anamjua kidogo, kwa kuwa walowezi wa Kiingereza walimleta Kenya mwaka 1905 na hadi leo yumo katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya, lakini kule maji hushuka ya baridi kutoka juu mwaka mzima na hakuna Agosti ya kuogopwa. Kwa mvuvi wa Kilwa au wa Ukerewe samaki ni kitoweo na ni riziki. Mwambie kuna mtu analipa mamia ya dola kwa siku ili avue samaki kisha awaachie, naye atauliza kwa nini basi anawasumbua. Montana swali hilo huonekana la kishamba. Uswisi limechukuliwa kwa uzito wote: tangu mwaka 2009 sheria ya kulinda wanyama nchini humo inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuachia, kwa hoja kwamba kumtia mnyama katika mahangaiko kunahitaji sababu nzito kuliko burudani. Sitafika huko alikofika Mswisi. Hoja yangu ni nyembamba zaidi, na kwa wembamba wake ni ngumu kuikwepa: kuachia ni njia nzuri ya kutunza samaki wakati maji ni ya baridi, na hukoma kuwa hivyo maji yanapopata joto.

Imani ninayoipinga haikuzuka hewani, na ni haki kuieleza kwa nguvu zake zote. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20 mito ya Marekani ilikombwa. Watu walipigwa picha nyuma ya samaki waliotungwa kwa makumi kwenye kamba moja, na serikali zikajaribu kuziba pengo kwa kumwaga mitoni samaki waliozalishwa vituoni. Mwaka 1939 Lee Wulff, mvuvi na mwandishi mashuhuri, alitoa kitabu kilichojenga hoja kwamba samaki wa mchezo hapaswi kuishia kwa mvuvi wa kwanza aliyemnasa. Miongo mitatu baadaye Dick Vincent, mtaalamu wa samaki wa Montana, alifanya utafiti kwenye mto Madison na kijito cha O'Dell ulioonyesha kwamba samaki wa vituoni waliwapunguza wale wa porini badala ya kuwaongeza. Jimbo likaacha kupandikiza trauti katika mito yake mwaka 1974. Hilo lilikuwa jambo la ujasiri, na mito ilinufaika. Lakini lilikuja na sharti: mto unaotegemea samaki wanaozaliana wenyewe haujazwi tena na lori. Kila samaki mzima aliyepotea amepotea kweli, mpaka kizazi kingine kikue.

Wanaoitetea imani hiyo wana ushahidi, tena ushahidi mzuri. Mwaka 1986 Schill, Griffith na Gresswell walichapisha matokeo ya utafiti wao kwenye sehemu ya mto Yellowstone, ndani ya hifadhi ya taifa ya jina hilo, ambako kuachia kulikuwa lazima. Walikadiria kwamba trauti wa asili wa pale, yule mwenye alama nyekundu chini ya koo, alinaswa kwa wastani karibu mara kumi katika msimu mmoja, na kwamba kila kunaswa kuliua asilimia 0.3 tu. Kwa msimu mzima waliokufa kwa ndoano walikuwa kama asilimia 3. Takwimu hizo zimetembea mbali. Zimo nyuma ya kila kauli kwamba samaki mmoja anaweza kuwafurahisha wavuvi kumi, na sina sababu ya kuzitilia shaka. Ninachouliza ni zilipimwa wapi. Zilipimwa kwenye mto ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya ziwa kubwa la milimani ambako barafu hukaa hadi mwishoni mwa Mei. Kuzichukua na kuzibandika kwenye bonde la mashamba ya majani, mita elfu moja chini yake, alasiri ya Agosti, ni kufanya jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulifanya.

Mto wa Agosti si mto wa Juni. Theluji ya milimani, ambayo ndiyo tangi la maji la nchi ile, huwa imekwisha kuyeyuka na kushuka. Maji hupungua, hutulia, huwa maangavu kama kioo, na jua la siku ndefu hupenya hadi kwenye kokoto za chini. Maji machache hupashika upesi kuliko maji mengi. Hilo halihitaji mtaalamu. Linalosahaulika ni saa. Hewa hupoa jua linapoegemea magharibi, ndiyo maana mvuvi hudhani jioni ni wakati wa huruma, lakini mto huwa haujaanza kupoa. Maji hufikia kilele chake cha joto alasiri ya mwisho na kukaa nalo hadi giza liingie. Baridi yake halisi hupatikana alfajiri tu. Tena maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kushika oksijeni. Penye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za selsiasi hubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 23 hubeba kama miligramu 8 na nusu, na huko juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu hushuka zaidi. Wakati huohuo mwili wa trauti, ambaye hana joto lake mwenyewe, huenda mbio kwa kadiri maji yanavyopata joto na kudai oksijeni nyingi zaidi. Kinachohitajika kinapanda na kilichopo kinashuka. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana, samaki anaishi kwa kudunduliza, hata kabla ndoano haijamgusa.

Sasa mvuvi aingie. Majira haya ni matamu kwake, nakiri. Asubuhi vinzi vidogo vya Trico huanguka juu ya maji kwa maelfu, na trauti huinuka kuwafyonza mmoja mmoja. Mchana panzi hurushwa na upepo kutoka majanini na kuangukia kingoni, na samaki wakubwa hutoka mafichoni kwa ajili yao. Lakini angalia vifaa ambavyo mto wenyewe unamlazimisha kutumia. Kwa kuwa maji ni maangavu na samaki ni mwoga, uzi wa mwisho wa mshipi huwa mwembamba kama unywele, na ndoano ya Trico huweza kulala juu ya ukucha ikabaki nafasi. Uzi mwembamba hauruhusu kuvuta kwa nguvu. Pambano ambalo Juni, kwa uzi mnene, lingekwisha upesi hurefuka. Samaki hupambana kwa misuli inayofanya kazi bila oksijeni, hujilimbikizia asidi mwilini, na deni hilo hulipwa baadaye kwa oksijeni ileile iliyo haba. Kisha huinuliwa nje ya maji apigwe picha. Ferguson na Tufts, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1992, waliwakimbiza trauti upinde hadi wakachoka kabisa. Waliorudishwa moja kwa moja majini walikufa asilimia 12. Walioshikwa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38. Walioshikwa dakika nzima, asilimia 72. Wakosoaji husema, na wana haki, kwamba samaki wale walichoshwa maabarani kuliko wanavyochoshwa na mvuvi stadi. Sawa. Basi tuyaache maabara, twende mtoni.

Utafiti unaostahili kubandikwa kwenye kila duka la mishipi la Montana ni ule wa Boyd na wenzake uliochapishwa mwaka 2010. Haukufanywa kwenye matangi. Samaki walivuliwa kwa nzi bandia katika mito miwili ya jimbo hilohilo, Gallatin na Smith, kisha wakawekwa ndani ya vizimba mtoni humohumo kwa saa 72 ili ionekane nani anaishi. Siku ziligawanywa kwa kiwango cha juu cha joto la maji: chini ya nyuzi 20, kati ya 20 na 23, na 23 kwenda juu. Katika maji ya baridi karibu hakuna aliyekufa, na hapo watetezi wa kuachia wameshinda bila ubishi. Katika maji ya joto kali, trauti upinde walikufa asilimia 16 katika Gallatin na asilimia 9 katika Smith. Trauti wa kahawia walistahimili zaidi. Vifo vyao havikufika asilimia 5. Na samaki mmoja wa jamii hiyohiyo, mweupe wa milimani, ambaye wavuvi wengi humwona kero inayowapotezea muda, alikufa hadi asilimia 28 katika Smith. Inafaa kukumbuka kwamba huyo anayedharauliwa ndiye mwenyeji wa mito hii. Trauti upinde ametoka pwani ya Pasifiki na wa kahawia ametoka Ulaya.

Tufanye hesabu ambayo kanuni zinakataa kuifanya. Mashua ina wateja wawili na kiongozi wao, siku ya joto kali, na hadi jioni wamewaachia trauti upinde ishirini. Kwa kiwango cha Gallatin, watatu na ushei watakufa. Kwa kiwango cha Smith, karibu wawili. Kando ya mto huohuo kuna mtu mmoja aliyevua wawili wa kwanza, akawapiga kichwani na kwenda nyumbani kuwakaanga. Mashua imeua sawa na yeye au zaidi, lakini yeye ndiye anayeangaliwa kwa jicho baya njiani. Na huo ni mkono mmoja tu wa hesabu, kwa sababu samaki aliyenusurika hurudi kwenye foleni. Chukua trauti upinde mia, kila mmoja anaswe mara tatu katika wiki za joto kali: kwa asilimia 9 kila mara wanabaki 75, kwa asilimia 16 wanabaki 59. Katika mto wa baridi, kunaswa mara kumi ni usumbufu. Katika mto wa moto, mara tatu ni maangamizi. Fahari yote ya samaki mmoja kuwahudumia wengi imesimama juu ya ile asilimia 0.3, na asilimia 0.3 ni tunda la maji ya baridi.

Atasema mtu: mbona nilimwona akiogelea, tena kwa nguvu? Alimwona, ndiyo. Aliona kama dakika moja ya maisha yake. Ndiyo maana Boyd na wenzake walisubiri saa 72 badala ya kuamini macho. Samaki mwenye deni la oksijeni huweza kuondoka kwa kishindo, akafika kwenye kina, akalala ubavu usiku ule. Na mzoga wa trauti hauelei ukangoja kuhesabiwa, bali huzama, husukumwa na maji, huliwa na fisi-maji na ndege. Mvuvi huyo huondoka na dhamiri safi kwa sababu moja tu: mto umemfichia ushahidi. Wapo pia wanaosema kwamba trauti mwenye joto kali hali kitu, kwa hiyo mto wenyewe humfunga mvuvi. Ni kweli kwamba hamu yao hupungua, lakini hapo ndipo mvuvi mjuzi hufanya jambo baya kuliko yote: hutafuta mahali chemchemi au kijito cha baridi kinapomwagikia mtoni. Trauti hukusanyika hapo kwa makumi, wamekimbilia uhai. Kuwarushia nzi mahali hapo kunahesabiwa ujuzi wa kuusoma mto.

Kuna jibu la serikali, nalo si dogo. Idara ya Samaki, Wanyamapori na Hifadhi ya Montana ina amri inayojulikana kama saa za bundi, jina lililotoka kwa wakata magogo waliokuwa wakianza kazi alfajiri, bundi wangali wakilia, ili kukwepa hatari ya moto mchana. Maji yakifika nyuzi 73 za farenhaiti, yaani karibu 23 za selsiasi, kwa siku tatu mfululizo, uvuvi hupigwa marufuku kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Maoni yaliyoenea ni kwamba amri hiyo imemaliza tatizo: kabla ya saa nane unavua kwa amani, baada ya hapo unapumzika. Haijalimaliza. Kwanza, ni amri ya kufuata nyuma. Siku tatu za joto hupita ndipo ishike, na siku hizo tatu ndizo samaki hakuwa na kinga. Pili, kiwango chenyewe kimepimwa kwa mwili wa samaki sugu. Bear, McMahon na Zale walionyesha mwaka 2007 kwamba trauti wa asili wa magharibi, akikaa siku 60 katika joto lisilobadilika, hufikia mwisho wake kwenye nyuzi 19.6, wakati trauti upinde hufika 24.3. Mto una usiku na mchana, haukai kwenye joto moja kama tangi, kwa hiyo tofauti hiyo haihamishwi nzimanzima. Hata hivyo ukisubiri nyuzi 23 ndipo ufunge, yule trauti mwenyeji ameshapita mpaka wake kitambo, na si kila mto anamoishi uliowekewa kiwango cha chini zaidi.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonikera. Amri ya bundi inapanga saa, haipangi idadi. Mashua zilizokuwa zimetawanyika siku nzima sasa zote hushuka mtoni alfajiri, na samaki waliopitisha jioni ndefu ya joto, wakapata saa chache tu za usiku kujilipa, hukutana na msongamano wote kwa mara moja. Mvuvi stadi huweza kunasa ishirini kabla ya saa nne asubuhi. Kinyume chake, Kanada mashariki, kwenye mto Miramichi wa samoni, wasimamizi wamekwenda hatua mbili mbele. Wao hutazama kiwango cha chini cha joto cha usiku, kwa kuwa usiku ndio unaoonyesha kama samaki amepata kupumua, na maji yakikataa kupoa chini ya nyuzi 20 hufunga yale madimbwi ya baridi ambako samaki wamekimbilia. Tena mvuvi huwekewa kikomo cha samoni anaoweza kuwanasa na kuwaachia kwa siku moja. Akifikisha idadi, anakunja mshipi. Hakuna aliyesema hapo kwamba uvuvi umekufa.

Hoja nyingine, yenye uzito kuliko zote, ni kwamba tunamkamata mwizi wa kuku huku wa ng'ombe akipita. Mito ya Montana hukauka kwa sababu wakulima huielekeza mashambani, na haki yao ya maji ni ya kisheria: aliyetangulia kuchukua ndiye anayetangulia kupata, hata mto ubaki kokoto. Mwaka 1988 mto Big Hole ulikauka kabisa karibu na mji wa Wisdom. Juu ya hayo dunia inapata joto, na hakuna mvuvi wa Agosti anayeweza kulizima jua. Yote ni kweli. Nakubali kwamba maji yanayobaki mtoni ndiyo dawa kubwa, na kwamba anayejali trauti angefanya vema kugombania maji hayo kuliko kubishana kuhusu picha. Lakini hoja hii inatumika vibaya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wamesema Waswahili, na mvuvi akisema mkulima ndiye mkosaji anajipatia ruhusa ya kuendelea. Mantiki inakwenda upande wa pili: kadiri mkulima na jua wanavyomsogeza samaki ukingoni, ndivyo msukumo mdogo wa mvuvi unavyozidi kuwa na maana. Katika mto wenye maji tele mvuvi angeweza kusamehewa uzembe wake. Mkulima angalau analisha ng'ombe.

Wataalamu wengine wana pingamizi la kitulivu zaidi. Trauti wa porini, husema, hufa kwa wingi kila mwaka kwa sababu zake. Wanaouawa na ndoano ni sehemu ya wale ambao wangekufa tu majira ya baridi, na nafasi yao huchukuliwa na wengine. Hesabu hiyo hufanya kazi pale ambapo kinachowabana samaki ni chakula au nafasi, na ambapo wadogo wapo wengi wa kujaza pengo. Haifanyi kazi kwa urahisi pale ambapo mwaka mbaya unafuatana na mwaka mbaya, wadogo wenyewe wakiwa haba. Mwaka 2023 hesabu za trauti katika sehemu za mito ya Big Hole, Ruby na Beaverhead zilishuka kuliko zilivyowahi kuonekana, na sababu zake bado zinabishaniwa, sitazibebesha ndoano. Ila mto ulio katika hali hiyo hauna akiba ya kuugharimia mchezo, na kusema vifo vya Agosti vitajifidia wenyewe ni kukopa kwenye mfuko ambao umeshatikiswa ukasikika mtupu.

Ninachokitaka si kurudi kwenye kamba za samaki waliotungwa, wala kuufunga mto. Maji yakivuka nyuzi 20, kanuni ihesabu samaki walionaswa badala ya waliobebwa: kila anayegusa wavu anahesabiwa, na idadi ikifika, tuseme wanne au watano, siku imekwisha. Midomo ya vijito vya baridi ifungwe mpaka joto lipite. Na mtu anayetaka kula wawili wa kwanza aachwe ale, mahali sheria ya samaki wa asili haimkatazi, kwa sababu amelipa kwa uwazi bei ambayo wengine wanailipa gizani. Anayetaka kuvua zaidi ana pa kwenda. Chini ya bwawa la Yellowtail kwenye mto Bighorn, maji hutoka kwenye kina cha bwawa yakiwa baridi hata jua likiwaka; na katika maziwa na mito ya tambarare kuna samaki wengine, kama yule aitwaye kapu, wanaopenda joto na wanaovuta mshipi kwa nguvu za kutosha kumchosha yeyote.

Viongozi wa uvuvi watasema nawanyang'anya mkate, kwani mteja aliyesafiri kutoka Atlanta hatalipa kwa samaki watano. Labda wengine hawatalipa. Lakini mteja huyohuyo tayari analipa kwa siku inayokatwa saa nane mchana, na zamani wavuvi wa Uingereza walisafiri hadi Scotland kwa matumaini ya samoni mmoja kwa wiki. Bei ya siku ya uvuvi haijawahi kupangwa kwa kilo. Swali la mwisho huwa ni nani atakayehesabu, maana askari wa wanyamapori hawezi kukaa ndani ya kila mashua, na samaki aliyerudi majini haachi ushahidi kapuni. Pingamizi hilo lingekuwa zito kama idadi isingejulikana. Inajulikana. Kila jioni ya Agosti, kwenye baa za miji ya Ennis na Twin Bridges, mashua moja hadi nyingine, huulizwa swali lilelile la wamenaswa wangapi leo, na hujibiwa papo hapo, kwa tarakimu, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu.